Kikapu Kilichootesha Mkojo

Mpaka mwaka ule nilikuwa naamini kwamba dawa ni kitu kama sabuni. Ina nguvu yake, haibadiliki, na uchafu nao haubadiliki. Kama leo imeondoa doa, na kesho itaondoa doa la namna ile ile. Sikuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Niliishia darasa la saba, na yale machache niliyokuja kuyajua baadaye niliyatafuta mwenyewe katika vitabu vya sekondari vilivyochakaa, vile vilivyokuwa vikitandikwa chini kando ya soko. Kwa hiyo nitaeleza kwanza nilichokiona kwa macho, kisha nilichokisoma, na nitajitahidi nisivichanganye.

Nilikuwa mshonaji, naishi Makole, mjini Dodoma, chumba na sebule. Vitu vilikuwa vimeanza kuingia nchini. Sisi tuliozoea foleni ya sukari na sabuni tulikuta rafu zimejaa, na kila kona ya mtaa ina duka la dawa lililopakwa rangi mpya. Mitumba ilimwagwa mnadani kwa marundo, na ndani ya marundo hayo kulikuwa na makoti mazito ya baridi ya Ulaya ambayo mtu wa Dodoma hana pa kuyavalia. Wauzaji waliyasukuma pembeni kwa miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyanunua.

Niliyashonea vikapu. Akina mama walikuwa wamefundishwa kupika kwa kikapu ili kupunguza kuni na mkaa: unachemsha maharage kidogo, unayaondoa motoni na sufuria yake, unayafukia ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu, unafunika, unakwenda shughuli zako, ukirudi yameiva kwa joto lake yenyewe. Mimi nilitoa majani nikaweka makoti. Nilijaribu koti moja baada ya jingine, nikipima kwa kipimajoto nilichokikuta mnadani, mpaka nikajua kwamba sufu nzito inaishinda pamba, na kwamba joto linakimbilia kwenye mfuniko kuliko pembeni.

"Dada," mdogo wangu alinitania, "watu wananunua makoti wavae wao, wewe unavalisha sufuria."

Alikuwa amekuja kutoka kijijini kwetu Kibakwe, mimba yake ina miezi saba hivi. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka kabla ya wakati. Hatukuzitaja. Lakini mumewe na mama walikubaliana kwamba hii aje aisubirie mjini, karibu na hospitali, na mama akaja naye kumwangalia. Kila mtu pale nyumbani alijua tunachokiogopa: mtoto asije akatoka kabla hajawa tayari.

Mama alikuja na kopo lake. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililopoteza maandishi kwa kushikwashikwa, na ndani yake mlikuwa na dawa zilizofungwa kwenye vipande vya kitambaa, kila aina na fundo lake. Mama alikuwa na desturi iliyotoka kwenye miaka ya uhaba: hakuna kumaliza. Sukari ilibakizwa. Sabuni ilikatwa, kipande kikafichwa. Dawa vilevile. Mtu akipewa kapsuli zahanati alimeza mpaka apate nafuu, na zilizosalia ziliingia kwenye kopo kumsubiri mgonjwa anayefuata, kwa sababu huyo huenda akakuta zahanati haina kitu. Haukuwa ujinga. Watu walivuka vilima kuja kuliomba kopo lile, na hawakurudi mikono mitupu. Kwetu, kumaliza kapsuli zote peke yako wakati jirani ana homa kulihesabiwa uchoyo.

Siku chache baada ya kufika, mkojo ukaanza kumchoma mdogo wangu.

"Ni haya maji yenu ya chumvi," mama akatoa hukumu. "Kibakwe hakuna mtu anayekojoa moto."

"Kibakwe hakuna mtu anayesema, mama," mdogo wangu akajibu kutoka uani. "Wote wanakojoa moto wananyamaza."

Mama akafungua fundo la kapsuli nyekundu na nyeusi. Mdogo wangu akameza chache, akapata nafuu, zilizobaki zikarudi koponi. Moto ukarudi. Akameza tena, safari hii nafuu ikawa ndogo. Fundo lilipokwisha mama alikwenda duka la dawa la kona, nami nikamfuata. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aliyeuza kapsuli kama karanga, moja moja, akizifunga kwenye karatasi ya daftari.

"Shikamoo mama. Zile zile?"

"Marahaba. Zile zile."

"Nikupe nyingi au chache?"

"Chache. Tukiona zinafanya kazi tutarudi."

"Na zisipofanya kazi?"

"Tutarudi pia," mama akasema. "Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Wote wawili wakacheka.

Asubuhi moja nilimkuta mdogo wangu ameketi uani kwenye jua la Oktoba, jua ambalo mbuzi wenyewe walilikimbia, amejifunika koti la sufu nililokuwa sijalikata, na meno yanagongana. Alisema anaumwa ubavuni, chini ya mbavu, kwa nyuma. Kisha akasema tumbo linakaza na kuachia. Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliposikia neno hilo aliuweka ungo chini bila kuangalia anauweka wapi.

Hospitali tuliyompeleka sitaitaja. Ilikuwa kama nyingine zote za wakati ule, ina watu wanaojua kazi na kabati la dawa lisilojaa. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alimgonga kidogo ubavuni na mdogo wangu akaruka kwa maumivu. Alitueleza kwamba ugonjwa wa mkojo umepanda kwenye figo, na kwamba homa ya namna ile inaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Wakamwanzishia sindano iliyokuwepo, ambayo ilikuwa ndugu wa zile kapsuli nyekundu na nyeusi. Kesho yake homa ilikuwa pale pale, na tumbo lilikuwa linakaza mara nyingi zaidi.

"Ninayo dawa ya pili ya kujaribu, na ya tatu," daktari akatuambia. "Lakini nikikosea tena, tumbo hili halitanisubiri. Mkojo wake uoteshwe, nijue cha kumpa."

"Uoteshwe?" mama akauliza. "Mkojo?"

"Ndiyo, mama. Kama mbegu."

Mama akanigeukia aone kama nacheka. Sikuwa nacheka.

Chupa ya mkojo niliipeleka maabara mwenyewe, mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kikapu changu, kwa sababu nilikuwa nimeleta uji na sikutaka kuuacha wodini. Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, mpole, ambaye wagonjwa walimwita daktari naye alikuwa ameacha kuwasahihisha. Aliisoma karatasi ya daktari, iliyotaja hata kapsuli alizomeza mgonjwa, akatikisa kichwa. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme. Jenereta iliwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji tu.

"Dada, kupanda nitapanda, lakini hawataota," alisema, akafungua kabati la joto lililokuwa kimya. "Hawa wadudu wanataka joto la mwili wa mtu, mpaka asubuhi, lisipande lisishuke. Na umeme hatuupati mpaka kesho jioni."

Nilibaki nimesimama. Sikujua nifanye nini na chupa ile.

"Humo ndani umebeba mtoto?" akauliza, akionyesha kikapu kwa kidevu, maana nilikuwa nimekifunika kwa kanga.

"Uji."

"Wa saa ngapi?"

"Nimeupika alfajiri."

Ilikuwa mchana tayari. Akafunua, akaingiza mkono kati ya makoti, akagusa sufuria, akautoa upesi.

"Huu unaunguza!"

Nikamweleza. Maji ya moto kiasi gani yanafika asubuhi na joto gani. Sufuria kubwa iliyojaa inavyopoa polepole kuliko ndogo. Mfuniko unavyotaka tabaka mbili. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Unajuaje yote haya?"

"Nimepima."

"Kwa kitu gani?"

"Kipimajoto."

Alinitazama kama mtu aliyekutana na mtu wa kijiji chake ugenini. Kisha akasema, "Utoe huo uji. Na ujue kwamba kikapu hiki hakirudi jikoni tena."

"Nitashona kingine."

Tulifanya kazi pamoja. Alipasha maji juu ya taa yake ya spiriti, mimi nikasema yazidi kidogo joto la mwili kwa sababu makoti nayo yatakunywa kidogo. Yeye akasema yasizidi sana, atawapika. Tukabishana, tukakubaliana. Alichukua visahani vyenye vifuniko, vipana kama kisosi, ndani yake rojo lililoganda lenye rangi ya chai nyepesi. Akapaka mkojo juu ya rojo. Kisha kwa koleo ndogo akaweka juu yake vidoa vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

"Kwa kawaida nawaotesha kwanza, dawa naziweka siku inayofuata," alisema. "Leo naweka vyote pamoja. Jibu halitakuwa zuri sana, ila litakuwa la kesho."

Tukafukia sufuria ya maji, tukaweka visahani juu yake vimefungwa kitambaa, na kipimajoto katikati yao. Nilipokuwa nafunga mfuniko nilimuuliza, ili tu nisilie, "Sasa leo tumepika nini?"

"Tumempikia mgeni asiyealikwa," akasema. "Kesho tutaona anakula nini na anakataa nini."

Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla hajafungua. Kwanza alitazama kipimajoto, akanionyesha: joto lilikuwa limeshuka kidogo tu. Ndipo akatoa kisahani, akakiinua dirishani, mwanga ukapita.

Nimeona mambo mengi tangu wakati huo, lakini hakuna lililonisimamisha kama lile. Rojo lililokuwa angavu lilikuwa limefunikwa na utando wa kijivu, laini, wenye usawa, kama pumzi juu ya kioo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Huo ulikuwa ugonjwa wa mdogo wangu. Ulikuwa kitu, unakaa mahali, una rangi, unanuka. Kuzunguka kidoa kimoja cha karatasi palikuwa na duara safi, limekatwa vizuri kana kwamba mtu ametumia bikari, na ndani ya duara hakikuwemo kitu. Kidoa kingine kilikuwa na duara dogo zaidi. Lakini kwenye vidoa vilivyobaki utando ulikuwa umefika hadi kwenye karatasi yenyewe na kuigusa, kama nyasi zinavyofika kwenye ukuta wa nyumba isiyo na mtu.

"Na hiki?" nikauliza, nikionyesha kimoja cha hivyo.

"Hizo ndizo kapsuli zenu nyekundu na nyeusi."

Walikuwa wameota juu ya dawa. Niliendelea kukitazama kidoa kile. Dawa niliyokuwa nimeibeba kwa imani tangu utotoni ilikuwa pale, na vitu visivyo na macho wala kichwa vilikuwa vimeizunguka vikiishi raha mustarehe.

"Jana walikuwa wangapi?"

"Siwezi kukwambia. Lakini akipata joto na chakula, mmoja anakuwa wawili kabla wali wako haujaiva. Na wale wawili vilevile. Piga hesabu mpaka asubuhi."

Nilijaribu kupiga kichwani. Namba ikanishinda kabla sijafika katikati ya usiku.

"Wamejifunzaje kuishinda dawa?"

"Hawajajifunza. Wasioweza walikufa, wakawaachia nafasi walioweza. Hawa ni uzao wao." Akakigeuza kisahani kwenye mwanga. "Na si uzao tu. Hupeana."

"Hupeana nini?"

"Huo uwezo wenyewe. Mmoja anamsogelea mwingine, hata asiye wa ukoo wake, anampa. Kama mtu anavyokwenda kwa jirani kuomba moto, akarudi na kaa lake, na jirani hajapungukiwa."

Miaka mingi baadaye nilikuta jambo hilo katika kitabu cha baiolojia kisicho na jalada. Kilieleza kwamba bakteria huwa na kipande kidogo cha maelekezo, kimejikunja kama pete, na kwamba hukinakili na kumpitishia mwenzake. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama palepale sokoni, jua la saa sita kichwani, nikawa naona kisahani kile kile. Kila kapsuli iliyowahi kumezwa nyumbani kwetu, na nyumba za majirani, na za watu tusiowajua, ilikuwa imeacha alama yake humo. Sisi tulikuwa tumeshazisahau homa zile. Wao walikuwa wanaishi kwa sababu ya homa hizo.

Mama alinifuata maabara kwa kuwa nilichelewa. Mtaalamu alimwamkia, akamwachia kisahani akione dirishani, akamrudia maelezo yale yale. Mama hakushangaa upesi kama mimi. Alikizungusha polepole, akikaza macho.

"Mwaka wa jua kali," alisema hatimaye, "mtama unakauka shamba zima. Yakibaki mashina machache yaliyoweza kuzaa, hayo hatuyali hata kama tuna njaa. Tunafunga masuke yake, tunayaning'iniza juu ya moshi. Ndiyo mbegu."

"Ndivyo ilivyo, mama," mtaalamu akasema. "Hivyo hivyo kabisa."

Mama akakirudisha kisahani kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha mwenyewe.

"Basi kopo langu lilikuwa jua," alisema.

Mtaalamu akamshika bega. "Si kopo lako tu, mama. Ni maduka, ni sisi huku, ni kila mahali dawa inapopita."

"Nimesikia. Lakini nazungumzia kopo langu."

Jibu likapelekwa kwa daktari. Dawa ya duara kubwa ilikuwa ya sindano, na kabatini haikuwemo. Niliipata mjini, katika moja ya yale maduka ya dawa ya rangi mpya. Kama ingekuwa miaka kumi kabla nisingeipata popote, na lazima niliseme hilo pia. Daktari alimpima mdogo wangu uzito kwanza. Alisema dawa hii ni kali, inaweza kuumiza masikio na figo zenyewe, kwa hiyo inachungwa: isipungue, isizidi, na isikatizwe.

"Yote?" mama akauliza. "Hata akipata nafuu?"

"Yote, mama."

Mama alikuwa amekishika kiboksi. Nilimwona anavyokitazama. Kisha akamkabidhi nesi, akakaa kitandani miguuni pa mwanawe, akaanza kuisugua miguu ile.

"Mama, unanitekenya," mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza. Ukitekenywa ujue upo."

Siku ya kwanza ya dawa mpya hatukuona kitu. Homa ilipanda, tumbo likakaza, mkunga akaja na kuondoka mara kwa mara, na sisi tukawa tunasoma uso wake. Nilifikiria duara lile. Nilijiambia kwamba ndani ya mwili wa mdogo wangu, mahali fulani gizani, duara lile lile lilikuwa linapanuka. Sikuwa na njia ya kuliona. Kwa mara ya kwanza maishani niliamini kitu kwa kuwa nilikuwa nimekiona mahali pengine.

Siku iliyofuata, mchana, jasho lilimtoka mdogo wangu mpaka shuka likalowa. Alipoamka aliuliza uji wake uko wapi. Nikamwambia kikapu kiko maabara.

"Kinaumwa?"

"Kimepata kazi."

"Dada, wewe na vikapu vyako," akasema, akafumba macho tena. Mkono wake haukuwa wa moto.

Tumbo ndilo lililochelewa. Liliendelea kukaza, lakini nafasi kati ya mkazo na mkazo ikawa ndefu, kisha ndefu zaidi, na asubuhi ya pili tangu homa ishuke likawa limelegea kabisa. Mkunga alipita na ile pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto. Akaiweka juu ya tumbo, akalaza sikio, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mama alikuwa amesimama kando yake, ameshika mdomo.

"Njoo usikie mwenyewe, mama," mkunga akamwambia.

Mama aliinama. Alikuwa amezaa na kuzalisha wengi Kibakwe, lakini hakuwahi kusikiliza kwa pembe ile. Aliziba sikio la pili kwa kiganja. Niliona uso wake ukibadilika polepole.

"Anakimbia," akanong'ona. "Mama yangu, anavyokimbia!"

"Anakwenda wapi?" mdogo wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa na hofu yote ya zile mimba mbili.

Mama hakuinua kichwa.

"Haendi popote," alisema. "Anakimbia humo humo."

Na hakwenda. Alikaa humo mpaka mwezi wake ulipotimia, mvua zikiwa zimeshaanza.